Paa la turubai la Roadster: ukilibadilisha mwenyewe nyumbani, anza na maji

Gari la kufunguka likianza kulowanisha siti, mwenye gari hutazama juu. Anaona mshono umefumuka, kioo cha plastiki kimekuwa cha njano, anaagiza paa jipya. Linafika, linafungwa, masika inaingia, na kapeti linalowa vilevile. Kubadilisha paa kunawezekana kabisa uani kwako, kwa spana za kawaida na mtu mmoja wa kusaidia, ila nusu ya kazi hiyo haihusu kitambaa. Inahusu njia ya maji.

Maelezo haya ni ya Mazda Roadster, ile ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5: toleo la kwanza, NA, la 1989 hadi 1997, ambalo Japani liliuzwa kwa jina la Eunos, na la pili, NB, la 1998 hadi 2005. Paa lake linakunjwa kwa mkono, halina mota wala pampu ya mafuta. Magari yenye paa la umeme yana kazi nyingine juu ya hii, na sishauri mtu ajifunzie hapo.

Maji yanayotiririka kwenye kioo cha nyuma hayazuiwi yasiingie kwenye bodi. Yanapokelewa. Yanashuka kwenye mfereji wa plastiki uliofichwa nyuma ya siti, ndani ya ukingo wa bodi, yanagawanyika kulia na kushoto, yanaingia tundu moja kila upande nyuma ya mnara wa mkanda wa siti, kisha yanashuka kwa mrija hadi chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Hapa Dar gari likilala chini ya mwarobaini, vijani vyake vyembamba vinapenya kila ukingo, vinalowa, vinashikana na vumbi na kuwa tope linaloziba tundu lote. Mkungu una majani makubwa yanayoonekana na kuokotwa. Mwarobaini haukupi nafasi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, pima. Mimina lita moja ya maji taratibu kwenye mwisho wa mfereji, upande mmoja kisha wa pili, mwenzako akichungulia chini ya gari. Yakitoka kwa kasi ileile unayomimina, mrija ni mzima. Yakidondoka tone tone, umeziba. Yakitokea ndani nyuma ya siti, ama mfereji umepasuka ama mrija umechomoka. Kuzibua, sukuma mpira laini wa plastiki, ule wa hewa wa tangi la samaki unafaa, huku ukimimina maji. Usitumie waya wa hanga, utatoboa. Usitumie upepo wa kompresa pia, maana unaweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake cha chini, na kuurudisha ni taabu. Usipuuze jambo hili kwa kuwa kapeti hukauka lenyewe: maji yaliyokosa njia hukaa ndani ya chuma cha chini ya mlango, na chuma hicho huoza kutoka ndani karibu na tairi la nyuma. Ukija kuona lengelenge kwenye rangi, ndani chuma kimeshaliwa.

Ikiwa mirija iko wazi na kitambaa ndicho kilichochoka, sasa ununuzi una maana. Muuzaji mpe namba ya chasisi, si mwaka wa usajili wa Tanzania. NA6CE na NA8C ni toleo la kwanza, NB6C na NB8C ni la pili. Paa la NA la kiwandani lina kioo cha plastiki chenye zipu. La NB kwa kawaida lina kioo halisi chenye nyaya za kuondoa ukungu, na halina zipu. Paa zima la NB pamoja na fremu yake hukaa kwenye bodi ya NA, na zipo pia paa za kioo zilizoshonwa kwa ajili ya fremu ya NA. Mimi ningechukua kioo kila mara. Plastiki kwa jua letu huanza kuwa na mawingu mapema, inakwaruzwa na kila kitambaa chenye mchanga, na kila unapotaka kufungua paa lazima uifungue zipu kwanza uilaze chini. Asiyefanya hivyo anaikunja, na mkunjo ukizoeleka hupasuka hapohapo.

Kitambaa chenyewe ni cha aina mbili. Vinaili ni nafuu, inasafishika kwa sabuni na maji, inavutika kirahisi na inamsamehe mfungaji. Turubai la kufumwa linapendeza, linapunguza kelele na halivutiki sana, kwa hiyo ukilikosea kwa milimita chache utaliona daima, na kinyesi cha kunguru kikikaa siku mbili kinaacha alama. Kwa mtu wa mara ya kwanza, vinaili.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hapa huifikiria: kupeleka paa la zamani Keko kwa fundi wa makochi alifumue, akate jipya kwa kufuatisha. Mikono ya kazi hiyo ipo, sina shaka. Shida ni vitu viwili. Ngozi bandia ya makochi imetengenezwa kukaa sebuleni. Juani hukakamaa na kupasuka. Na uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa, ndiyo maana paa nyingi hufumuka mshono zikiwa bado hazijachanika. Akikubali kutumia vinaili ya nje na uzi wa poliesta, na ukampa paa la zamani likiwa bado zima, inawezekana. Tatizo linalobaki ni kwamba paa la zamani limeshavutika, na nakala yake huja na ulegevu uleule.

Mfereji ununue pamoja na paa. Baadhi ya paa huja nao ukiwa umeshafungwa, na hiyo ni nafuu kubwa. Plastiki ya mfereji wa zamani imekuwa kavu, na hata ukiwa mzima kabla hujaugusa, kuna uwezekano mkubwa utakatika wakati wa kuuvua.

Zana ni chache: soketi na spana namba 10 na 12, eksitensheni ndefu na fupi, bisibisi ya nyota na bapa, drili, mashine ya riveti, kisu chenye wembe mpya, chaki, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, vibanio imara kumi au zaidi, draya ya nywele, brashi ya inchi moja, WD-40 na blanketi mbili kuukuu za kufunika buti na ukingo wa kioo cha mbele. Riveti usizinunue kwa kukisia. Toa moja ya zamani, nenda nayo dukani Gerezani, linganisha unene wa kijiti na urefu.

Msimu pia una uzito. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati mzuri: mvua haba, joto la kutosha kulainisha vinaili, si kali kiasi cha kuilegeza. Januari na Februari mchana vinaili huwa laini mno, unaivuta hadi inakaa kama ngoma, usiku ikipoa inajikaza na asubuhi lachi, zile ndoano za kufungia paa juu ya kioo cha mbele, hazifiki. Fanya kazi ya kuvuta asubuhi, kivulini, na paa jipya lianike wazi juani nusu saa kabla ili mikunjo ya kwenye boksi itoke.

Kuvua kunaanzia ndani. Shusha madirisha, fungua lachi, sukuma paa nyuma nusu. Ng'oa vibanio vya plastiki vya kapeti la nyuma ya siti kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu, kisha vifuniko vya minara ya mikanda. Utaona mabamba matatu ya chuma yanayobana kitambaa na mfereji kwenye stadi za bodi, yaani bolti zilizochomoza kwenye chuma cha gari: moja refu nyuma, mawili mafupi pembeni. Nati zake ni namba 10. Hapa ndipo chumvi ya bahari inapojionyesha, hasa kwa magari ya Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni. Paka WD-40 jioni, rudia asubuhi, na uanze kwa mkono, si kwa mashine. Nati ikigoma, ilegeze robo, ikaze kidogo, ilegeze tena. Stadi ikikatika itabidi utoboe na kuweka bolti kutoka ndani, na sehemu hiyo ikae na gundi ya kuzuia maji, la sivyo umejitengenezea tundu jipya. Za pembeni, nyuma ya minara, hazionekani. Zinashikwa kwa vidole. Vaa glavu nyembamba, kingo za chuma huko ni kali.

Mabamba yakitoka, chomoa kitambaa na mfereji kwenye stadi. NB yenye kioo cha nyaya, tenganisha plagi zake kwanza. Fremu yenyewe imeshikwa na bolti tatu kila upande. Kabla ya kuzilegeza, chora kwa kalamu kuzunguka sahani zake, kwa sababu matundu yana nafasi ya kucheza na mahali ilipokaa ndipo inapofunga vizuri. Inua watu wawili, mmoja kila mlango, weka juu ya meza au madebe mawili yenye ubao. Wapo wanaobadilisha kitambaa fremu ikiwa ndani ya gari. Inawezekana, lakini utafanya kazi umepinda mgongo na gundi itaangukia siti.

Sasa piga picha. Kila kona, kila skrubu, kila mkunjo wa kitambaa, na paa la zamani usilichane; livue zima ili likae pembeni kama ramani. Toa raba za mbele na za pembeni kwa kuvuta taratibu, halafu reli za chuma zilizokuwa zinazishika. Hizo zina skrubu za nyota na riveti. Riveti inatobolewa kichwa tu, kwa biti inayolingana na kijiti chake. Ukitumia biti nene unapanua tundu na riveti mpya haitashika. Skrubu zenye kutu zikianza kulika kichwa, acha kuzungusha, zigonge kwa nyundo ndogo juu ya bisibisi, kisha jaribu tena.

Kuna waya mmoja kila upande unaopita ndani ya mfuko ulioshonwa kwenye ukingo wa kitambaa, juu ya dirisha, na mwisho mmoja una springi. Kazi yake ni kuvuta ukingo ule ukae chini. Uchomoe taratibu. Kuupitisha kwenye mfuko wa paa jipya, tumia waya wa kuvutia nyaya wa fundi umeme. Watu huuacha waya huu kwa kuuona kero. Kisha gari likipita kilomita themanini kwa saa Bagamoyo Road ukingo unanyanyuka, upepo unapiga mluzi, na mvua ya ubavu inaingia moja kwa moja begani.

Fremu ikiwa uchi, ipe muda, kwa sababu hutaiona tena kwa miaka. Gundi ya zamani ilainishwe kwa thina na kukwanguliwa, mbali na jiko la mkaa na watoto. Kutu ipigwe msasa, praima, rangi nyeusi, ikauke usiku kucha. Viungo vyote vikunjwe na kukunjuliwa; kilicholegea kinaharibu mpangilio. Kagua mikanda ya kitambaa inayoshika umbali kati ya upinde na upinde, yaani vyuma vya fremu vinavyokatisha juu na kubeba paa. Ikiwa imechanika au imelegea, upinde wa nyuma haukai mahali pake, na paa jipya litafungwa kwa kufuata makosa. Pima urefu wake wakati paa la zamani bado limefungwa, kabla ya kuvua chochote, maana ukishavua hakuna cha kupimia.

Kuvisha kunaanza kwa kutafuta katikati. Pima kila upinde kutoka kona hadi kona, weka alama ya chaki katikati, fanya hivyohivyo kwenye kitambaa, ukingo wa mbele na wa nyuma. Anza na upinde wa nyuma, alama kwa alama, kisha pinde za kati, na kila mshono uwe sambamba na upinde uliopo chini yake. Upinde wa mbele ubane kwa vibanio tu, bila gundi. Rudisha fremu kwenye gari kwa kufuata michoro ya kalamu, bolti zikiwa nusu zimekazwa, visha mfereji na kitambaa kwenye stadi, weka nati chache kwa mkono, funga paa polepole. Lachi zote mbili zirefushwe hadi mwisho kabla ya jaribio hili. Zina sehemu ya kurekebisha urefu wa ndoano. Zikiwa fupi zitavuta kitambaa kwa nguvu ambayo hujaikusudia.

Zunguka gari. Mikunjo inayotoka kona ya dirisha kwenda juu inaonyesha kitambaa kimevutwa zaidi upande ule. Mkunjo unaolala kukatisha juu ya kioo cha nyuma unaonyesha stadi za katikati zimewahi kabla ya za pembeni. Rekebisha sasa, vibanio vinatoka bure. Ukiridhika, chora kwa chaki mahali kitambaa kinapokutana na ukingo wa upinde wa mbele, kona hadi kona. Fungua paa, na wakati wa kubandika vuta alama hiyo mbele kwa milimita tano hadi kumi. Kwa turubai la kufumwa, chini ya hapo.

Gundi ndiyo inayoangusha wengi. Inatakiwa gundi ya kubandika kwa kugusana, ile inayopakwa pande zote mbili, na dukani uulize inayostahimili joto. Ya viatu ya bei ya chini hulainika gari likishinda juani, na asubuhi moja unakuta kitambaa kimejivua chenyewe. Paka nyembamba kwenye chuma na kwenye mgongo wa kitambaa. Upande wa vinaili usipake kama unaweza kuuepuka, kwa sababu vinaili hutoa mafuta kidogo kidogo na gundi nyingi hulainishwa nayo. Subiri hadi kidole kikigusa hakinati. Kwenye joto la Dar hiyo ni dakika chache sana, kwa hiyo paka vipande vya sentimita thelathini, kuanzia katikati kwenda kona, na bandika kabla ya kupaka kinachofuata. Ikigusana imeshika, hakuna kusogeza.

Siku ya unyevu ina mtego wake. Kimiminika cha gundi kinapopaa kinapoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake, na gundi inageuka kuwa na ukungu mweupe. Gundi ya namna hiyo inaonekana imekauka lakini haishiki. Ipashe kwa draya hadi weupe uondoke, au ahirisha. Wakati wa mvua za vuli na masika, ahirisha.

Kona za mbele ndizo zinazochukua muda. Kitambaa ni kingi na nafasi ni ndogo. Kata mipasuko midogo yenye umbo la V kwenye ziada, isifike mstari wa ukingo, kunja kipande kwa kipande, kila kimoja kibanwe kwa kibanio. Ziada ikatwe baada ya paa kufungwa mara nyingine na kuonekana sawa, si kabla. Kisha reli zirudi, riveti na skrubu, na raba. Raba iliyokakamaa nunua mpya. Kubana raba ya zamani chini ya kitambaa kipya kunavujisha kona ya juu ya kioo cha mbele, na utalaumu kitambaa.

Mwisho wa nyuma, hakikisha mdomo wa mfereji unamwaga ndani ya tundu la mrija kila upande, si kando yake. Weka tochi, tazama kwa macho. Mabamba yakae, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu, kwa nguvu ya kiganja. Stadi hizi ni nyembamba. Silikoni yenye harufu ya siki usiimwage popote hapa. Inakula chuma kisicho na rangi, na gundi yoyote ya baadaye haitashika mahali ilipopita.

Paa jipya liache limefungwa wiki nzima, gari likae juani mchana. Kisha fupisha ndoano za lachi kidogo kidogo hadi zifunge kwa shinikizo la kiganja. Lachi moja ikigoma na nyingine ikifunga kirahisi, fremu imekaa upande. Legeza zile bolti tatu, isogeze, kaza tena.

Jaribu kwa mpira wa maji, bila kubana mdomo, kuanzia chini kwenda juu: kwanza mfereji, kisha kioo cha nyuma, mishono, kingo za madirisha, mwisho upinde wa mbele, dakika mbili kila sehemu, mtu akiwa ndani na tochi. Ukianza juu utalowanisha kila kitu na hutajua maji yameingilia wapi. Maji ya kisima ya chumvi yasitumike, labda kama huna mengine, na hapo suuza. Likivuja juu ya dirisha baada ya yote haya, angalia kioo cha mlango kabla ya paa: kikiwa kimelala nje kidogo hakigusi raba. Kioo hicho kinarekebishwa kwenye reli zake ndani ya mlango, na paa ulilolifunga unaliacha kama lilivyo.